Baraza Mbili za Msuka

Tangu nirudi, kila nikifika kwenye kikao chetu cha jioni mnaniacha nisome ukurasa mmoja tu wa hadithi yangu, kisha mnanikatiza: "Weka karatasi zako bwana, tupe habari za Pemba. Ndoa ilifungwa au haikufungwa?" Nimewajibu vipande vipande, na sasa kila mmoja ana kipande chake anachokisimulia apendavyo. Jana nimesikia kwamba nilikwenda huko kupigana. Basi nimekaa niandike yote kwa mpango wake, na anayetaka kutia chumvi atie kwenye mchuzi wa nyumbani kwake.

Kwanza sababu ya safari. Mdogo wangu Zuhura aliposwa na Faki, kijana wa hapo hapo kwetu Msuka, kaskazini kabisa mwa kisiwa. Baba yetu ni marehemu, na babu vilevile, kwa hiyo walii wake, wa kumwoza, ni mimi. Ningeweza kutoa uwakala nikabaki mjini na kalamu yangu. Lakini ami yangu Khatibu, mdogo wake marehemu baba, alinipelekea salamu kwa mdomo wa msafiri: "Mwambieni aje mwenyewe, na afike kabla ya Ijumaa. Mume tunaye, mke tunaye. Tulichokikosa ni pa kukaa."

Mlicheka mliposikia hayo. Mimi sikucheka. Msuka ndoa haisomwi ndani ya nyumba wala ndani ya msikiti. Husomwa nje, walii na mwoaji wakiwa wamekaa na kushikana mikono, kwenye baraza ya mawe iliyoegemea ukuta wa msikiti, kando ya njia iendayo kisimani. Ng'ambo ya njia hiyo pana ua wa makuti, na nyuma ya ua hukusanyika mama na mashangazi ili wasikie kwa masikio yao jina la binti yao likitajwa. Hapo ndipo walipooana baba na mama, na kabla yao babu na bibi. Mwulize mtu wa Msuka alioa mwaka gani, atakuna kichwa. Mwulize alikaa wapi siku ya kuoa, atakushika mkono akakuoneshe jiwe.

Baraza hiyo ilianguka kwa mvua za masika. Zamani ingesimamishwa tena kabla matope hayajakauka. Lakini mnaijua siasa ya miaka hii: watu waliokula sahani moja sasa hawauziani hata samaki. Kila upande ulitaka kuijenga na hapana aliyetaka kujenga na mwenzake. Mwisho zikajengwa baraza mbili. Ami Khatibu ni wa ile ya ukuta wa msikiti. Mzee Makame, baba yake Faki, ni wa ile mpya iliyoegemea ua. Ami akaapa hatakaa kwao, Mzee Makame akaapa hatakaa kwetu. Mama naye akaapa kiapo chake: mwanawe hataozwa mahali ambapo yeye hatasikia jina lake. Na Mzee Makame alikwisha kusema kwamba Ijumaa ikipita bila ya ndoa, ataondoa posa yake.

Hivyo ndivyo nilivyofunga safari, kifuani nina wasiwasi wa mdogo wangu, mkononi nina sanduku lenye kanzu mpya na bati la halua.

Melini hadi Mkoani

Meli ilitakiwa kuondoka asubuhi, ikaondoka alasiri. Hatukuambiwa sababu. Watu walitandika mikeka juu ya sitaha kama watu walio uani kwao, na mimi niliyekuja bila mkeka nikabaki nimesimama na sanduku langu. Mara nikavutwa kanzu.

"Mwana we, kaa. Ukisimama vyo utaizamisha meli upande mmoja."

Alikuwa Bi Rukia, mwanamke mnene wa Mkoani mwenye sauti ya kuitia watu kutoka shamba la pili. Alijisogeza, na mkeka uliokuwa wake ukawa wetu. Akafungua kapu: mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga, ndimu. Aliyepita karibu alikaribishwa, na aliyekaribishwa alikaa. Kabla hatujaipoteza Unguja machoni, mikeka yote ilikuwa imegusana ncha kwa ncha, hata hujui wa nani unaishia wapi. Nilijiona mwenye bahati kuzaliwa na watu wanaojua kukifanya kipande cha mbao juu ya maji kuwa barazani kwao.

"Na bati hilo?" aliniuliza.

"Halua, Bi Rukia."

"Halua! Unapeleka halua Pemba? Na maji ya bahari umechukua?"

Watu wa mikeka yote walicheka. Nikaona haya, nikajitetea kwamba nakwenda harusini.

"Harusi yako?"

"Yangu hasa," nikasema. "Mimi nisipofika haifungwi."

Nilikusudia uwalii. Yeye alielewa mengine. Akapiga makofi, akawatangazia wote kwamba tunasafiri na bwana harusi, na tokea hapo nilipokea mawaidha mpaka usingizi ukanihurumia. "Ukirudi nyumbani piga hodi, hata ikiwa nyumba ni yako. Usimwite mkeo kwa kupiga mluzi, si mbuzi. Na mchuzi ukizidi maji, unywe, usiulize." Mzee mmoja aliniwekea mkono kichwani akaniombea watoto. Nilijaribu kusahihisha, lakini kila nikifungua mdomo Bi Rukia alisema, "Mwone anavyoona haya, maskini," na kicheko kikaanza upya. Mwishowe nikaipokea dua, nikaazimia kumkabidhi Faki ikiwa nzima.

Mkoani hadi Pujini

Mkoani tulishuka jua likichomoza. Bi Rukia alinishikilia bandarini hadi nilipokunywa uji kwake, na gari la kwenda Chake Chake likaondoka nikilitazama. La pili lilipatikana baadaye, nalo likafa katikati ya kilima. Dereva alitia kichwa ndani ya injini, akakaa humo.

Tukashuka. Karibu na barabara palikuwa na nyumba ya udongo yenye kibaraza chembamba mbele, kimepakwa chokaa, kipana kiasi cha kukalia mtu mmoja na nusu. Mwenye nyumba hakutuuliza sisi ni nani. Alitoka na majamvi aliyokuwa akianikia karafuu, akayakung'uta, akayatandika chini kukiendeleza kibaraza chake hadi tukaenea abiria wote. Mkewe akaleta mhogo wa kuchemsha na chumvi. Nguo zetu zilinuka karafuu siku nzima. Enyi mnaoandika juu ya miji mikubwa yenye viwanja na masanamu, nendeni mkaone namna kibaraza cha mtu mmoja na nusu kinavyoweza kupokea gari zima.

Chake niliacha barabara kubwa nikashika njia ya Pujini, kumchukua shangazi yangu Bi Mize, dada yake baba. Mama alisema wazi kwamba bila ya wifi yake hapana atakayeingia chumbani kwa bibi harusi. Shangazi ni mwembamba kama ufito na ulimi wake ni mwembamba zaidi. Nilimshika mkono nikambusu.

"Marahaba. Umekonda. Huko mjini mnakula karatasi?"

"Shangazi, tuondoke leo hii, Ijumaa inakaribia."

"Ijumaa haina miguu ya kutukimbia. Sharti kwanza nimuage jirani yangu, atanitazamia kuku."

Jirani alikuwa shambani, na shamba limepakana na magofu ya ngome ya mfalme wa zamani, yule ambaye watoto wa Pemba hunyamazishwa kwa kutajiwa jina lake. Wakati shangazi akimuusia jirani habari za kuku mmoja mmoja, nilichungulia kisima cha ngome. Mnajua inavyosemwa: mfalme alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta ndani ya kisima, mmoja ateke kwa kamba upande huu, mwingine ashuke ngazi upande ule, wasipate kuonana.

"Basi ugomvi ukaisha?" nilimwuliza shangazi alipokuja kusimama karibu yangu.

"Uliishia wapi! Walikuwa wakitukanana kwa chini. Maji yanapita, tusi lisipite?"

"Hayo umeyasikia kwa nani?"

"Miye nimekaa ukewenza mwaka mzima. Nisubiri kusimuliwa?"

Tulilala Pujini, maana siku ilikuwa imekwisha. Tulikula wali na pweza wa nazi, na sikusikia utamu wake. Nilimwona Zuhura mbele yangu, amepakwa hina kwa harusi isiyo na pahala.

Jadida

Alhamisi tulifika Wete bado mapema, tukaenda mtaa wa Jadida kulingoja gari la Konde. Gari lilikuwepo, limepakiwa magunia na kuku. Dereva hakuwepo. Mbele ya duka moja palikuwa na baraza ndefu ya saruji iliyojaa wanaume na harufu ya kahawa. Shangazi aliingia ndani kwa mke wa mwenye duka, mimi nikatoa salamu, nikaitikiwa vizuri, nikakaa penye nafasi.

Muuza kahawa akaanza kugawa. Alimpa wa kulia kwangu, akampa wa kushoto kwangu. Mimi akanipita. Akazunguka mara ya pili, akanipita tena. Watu waliniangalia, wakaangalia barabarani, wakakohoa. Damu ikanipanda. Nikajisemea, ndiyo siasa hii, wameniona sura ya upande wa pili. Nikasimama nusu, nikatoa hotuba ambayo ninyi mngeipenda. Niliwaambia kwamba Pemba ninayoijua haimnyimi mgeni kahawa, na kwamba uchungu wa kahawa utuunganishe pale ambapo maneno matamu yametugawa. Kisha mzee mmoja akaniuliza kwa upole:

"Ushamaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza."

"Sasa unamwona yule ntu anayezunguka gari?"

Nilimwona: bwana mmoja mrefu, kofia nyeusi, amekwisha kulizunguka gari mara nyingi akipiga teke kila gurudumu.

"Yule Ramadhani, dereva wa Konde. Hapo ulipokaa ndipo pahala pake. Kahawa yake humiminwa hapo, na bila kuinywa haendeshi. Sasa weye ni mgeni, yeye hawezi kukwambia uinuke, na sisi hatuwezi kukwambia. Muuza kahawa kikombe cha mwenyewe hawezi kukupa weye. Tulikuwa twakuombea kwa Mungu upate haja ya kwenda chooni."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi bandarini. Niliruka kama niliyekalia siafu. Ramadhani alikuja akinikataza: "Kaa, bwana, kaa, mgeni hainuki." Nami nikimlazimisha: "Hapana, bwana, pako." Tukasukumana kwa adabu mpaka shangazi akatoka dukani: "Nyie mnacheza ngoma gani? Mmoja akae, tuondoke!"

Ramadhani alipokaa, alinionesha kwa kidole. Saruji ya baraza ile ina mikwaruzo kila mahali isipokuwa sehemu yake, imelainika ikang'aa kama bakuli. "Baba yangu alitoka bara, Unyamwezini, akaja kuchuma karafuu," alisema akipuliza kahawa. "Kaburi lake liko hapa. Alikuwa akikaa hapo, na nilianza kukaa hapo naye nikiwa sijatahiriwa. Siku hizi huja watu wakaniuliza mimi ni wa wapi. Huwaambia, mimi wa hapo. Basi."

"Na hawa wenzako, siasa yenu moja?"

Baraza nzima iliguna. "Moja wapi!" alisema mzee wa kwanza. "Huyu Ramadhani hasikii la ntu. Lakini akikosa siku moja, kahawa haina ladha."

Nilipanda gari hilo mashavu yakiwaka kwa haya, lakini moyo umenenepa.

Konde hadi Msuka

Gari hukomea Konde. Kutoka hapo tulitembea, shangazi mbele na bakora yake, mimi nyuma na sanduku, bati na kapu lake la vitu ambavyo hakutaka kunitajia. Njia ilipita mashamba ya mhogo na migomba, ikashuka, ikaanza kuwa ya mchanga, na upepo ukaja na chumvi. Watu tuliokutana nao walimtambua baba usoni kwangu kabla sijataja jina. "Huyu si wa Hamadi? Karibu nji, karibu nyumbani!" Nimesomwa na kusifiwa na watu wenye elimu kubwa, wallahi sijapata sifa iliyonikaa kama ile.

Kabla ya magharibi tukatokea penye msikiti, na nikaziona baraza mbili.

Nilizitazamia zipeane mgongo, kwa ugomvi niliousikia. Zilikuwa zinatazamana. Nilisimama nikashangaa, kisha nikajicheka, kwani ingewezekanaje kuwa vingine? Apite mtu njiani akusalimie nawe umempa kisogo? Mpemba atakubali kukosana na nduguye, hatakubali kujenga baraza isiyoweza kuitikia salamu. Kwa hiyo kila upande uliielekeza yake njiani. Halafu, kama alivyonieleza ami baadaye bila kuona ajabu yoyote, Mzee Makame na wenziwe waliongeza mstari wa mawe kwa mbele ili mpita njia awafikie wao kwanza. Ami na wenziwe hawakulala, nao wakaongeza wao. Wale wakaongeza tena. Njia ambayo zamani ng'ombe wawili walipishana, sasa mwanamke mwenye mtungi hupita akijibana.

Zote mbili zilikuwa zimejaa watu. Nikatoa salamu moja: "Asalaam aleikum!"

"Waaleikum salaam!" Pande zote mbili ziliitika kwa pamoja, kwa nguvu kama wanaoshindana kuvuta jahazi pwani, kisha kila upande ukautazama mwingine kwa chuki.

"Mbona mnaitika nyinyi? Huyu kijana wetu," alisema ami Khatibu.

"Salamu ya Kiislamu haina kijana wetu," alijibu Mzee Makame, mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. "Kaitoa njiani. Njia ya wote."

"Akiitika mmoja inatosha kwa kundi zima."

"Kundi lipi? Mie si wa kundi lako!"

Wakamgeukia Shehe wa msikiti, aliyekuwa akitawadha kwa magharibi. Shehe hakuinua uso. "Mkiwa kundi moja, mmoja anatosha. Mkiwa makundi mawili, kila kundi liitike. Amueni nyinyi ni mangapi, miye naadhini."

Nilimpa kila mzee mkono. Sikulazimika kuvuka popote, niligeuka tu kiunoni. Faki alikuwa mwisho wa baraza ya baba yake, kijana mpana wa mabega, mvuvi wa pweza. Aliniamkia kwa sauti ndogo, na macho yake yakiniuliza kama ndoa ipo.

Nyumbani mama alinikumbatia, akanishika mashavu. Zuhura alikuwa ndani, mikono imejaa hina. "Kaka," alisema, "wameniambia nisilie kabla hina haijakauka. Sasa imekauka. Nilie?"

"Subiri kesho," nikamwambia.

Ijumaa

Asubuhi nzima nilikwenda huku na huku. Nilimwambia ami, twende tukakae kwao kwa ajili ya Zuhura. Ami akaniambia kiapo si kofia, huvui ukitaka. Nilimwendea Mzee Makame, akanikirimu chai na chila za moto za unga wa mchele. Akaniambia ananipenda, alimpenda na baba yangu, na kwamba kiapo si kofia. Nilipendekeza msikitini. Mama aliweka mwiko chini. "Baba yako alitaja jina langu pale, nikalisikia nikiwa nyuma ya ule ua, na bibi yako kanishika mkono. Mwanangu asikilizwe na nani, na mbu?"

Baada ya sala ya Ijumaa watu walitoka wakakaa, kila mmoja kwao. Nyuma ya ua wanawake walikuwa wamekwisha jaa, sauti zao zikivuma kama mvua ya mbali. Mimi nilikaa baraza yetu karibu na ami, ndani ya kanzu yangu mpya. Faki alikaa mbele yangu, baraza yao, jasho linamtoka. Shehe alisimama njiani katikati, kwa kuwa kila upande ulimkaribisha na hakutaka kuuudhi wa pili.

"Makame, mlete kijana huku," alisema ami.

"Khatibu, mlete walii huku."

"Mwenye binti hamfuati mwoaji."

"Na mwoaji si mtumwa wa kuitwa."

"Basi."

"Basi."

Mzee Makame akaanza kuchukua bakora yake. Nikainuka nusu nimzuie, lakini ilikuwa njia ile nyembamba: goti langu likagonga goti la Faki. Naye, kijana wa watu, alidhani nampa mkono. Akanyoosha wake. Nikaushika, nisimwaibishe. Tukabaki hivyo, yeye amekaa kwao, mimi nimejirudisha kwetu, mikono imeshikana juu ya njia ya kisimani, na hapana hata mmoja wetu aliyelazimika kujinyoosha.

Nilikuwa naomba radhi niuachie, sauti ikatoka nyuma ya ua, juu kabisa ya kichwa cha Mzee Makame. Ilikuwa ya mama.

"Khatibu! Mwanangu kakaa wapi?"

Ami akashtuka. "Kakaa kwetu."

"Bwana Makame! Wako kakaa wapi?"

Mzee Makame alijibu bila kugeuka, maana hugeuki kuwatazama wanawake wa ndani ya ua. "Kakaa kwetu, Bi Fatuma."

"Na mikono imefika?"

Wote tuliitazama mikono yetu kana kwamba ni ya watu wengine.

"Imefika," alisema Shehe taratibu.

"Basi nyinyi mnatafuta nini tena?" Hapo ilikuwa sauti ya shangazi Bi Mize. "Someni, wali unapoa!"

Mtu mmoja wa upande wao alianza kucheka, akajizuia. Mmoja wa upande wetu hakujizuia. Ami alitazama chini, akapima kwa macho kutoka jiwe hadi jiwe, nami nilijua anakumbuka ile mistari ya mawe na sababu ya kuiweka. Mzee Makame alilaza bakora yake mapajani. "Kiapo changu kizima," alisema.

"Na changu kizima," alisema ami.

Shehe akatandika mswala wake pale pale njiani akakaa, magoti yetu yamembana kushoto na kulia, akasoma khutba ya ndoa. Mwanamke aliyekuwa anatoka kisimani alisimama na mtungi wake kichwani akangoja. Kisha nikasema maneno niliyofundishwa, na niliyasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata nikiwasomea ninyi: "Faki bin Makame, nimekuoza mke dada yangu Zuhura binti Hamadi, kwa mahari mliyopatana." Faki akajibu kwamba amekubali. Vigelegele vilipaa nyuma ya ua, na ndani yake nikakisikia kilio cha mama kwa raha.

Sitawadanganya kwamba siasa ilikufa siku ile. Wali ulipoletwa, kila upande ulikula kwenye masinia yake, na kabla ya alasiri ami na Mzee Makame walikuwa wanagombana ndoa imefungwa barazani kwa nani. Bado wanagombana, na wakigombana huwa wamekaa goti kwa goti, kikombe cha kahawa cha huyu kimewekwa penye mkono wa yule. Nimeviona viwanja vilivyochorwa na mafundi wenye shahada. Mimi ni mtoto wa mahali ambapo watu walijenga kwa hasira, na bado wakajenga pa kupeana mikono.

Nilikaa hadi fungate lilipokwisha. Siku ya kuondoka Zuhura alitoka na buibui lake kunisindikiza, Faki nyuma amebeba sanduku. Ilikuwa saa ya watu kuwa mashambani na pwani, baraza zote mbili tupu.

"Kaka, nioneshe mlipokaa. Mama ana jiwe lake. Langu lipi?"

Nikamwonesha upande huu na upande ule. Alisimama katikati ya njia, akainama, akaweka kiganja kimoja kwenye ukingo wa baraza yetu na cha pili kwenye ukingo wa baraza ya wakweze, akakaa hivyo kidogo kama anayesikiliza. Aliponyanyuka mikono yake ilikuwa myeupe kwa chokaa, juu ya hina. Akaniletea viganja vyote viwili mbele ya macho.

"Sasa niambie, kipi cha kwetu, kipi cha kwao?"

Nilivishika nikavitazama vizuri, kwa kuwa kazi yangu ni kuona tofauti za vitu na kuziandika. Sikuiona.